Baada ya shambulio, nani anashika saa?

Ijumaa ya Agosti 7, 1998, saa nne na nusu asubuhi ikiwa imepita kidogo, lori aina ya Nissan Atlas lililobeba vilipuzi na mitungi ya gesi lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani, Oysterbay, Dar es Salaam. Watu 11 walipoteza maisha na zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Nairobi, karibu wakati uleule, walikufa zaidi ya 200. Tangu hapo, kila Afrika Mashariki inapopigwa, mjadala huanza na swali lilelile: tukubali kupunguziwa uhuru kiasi gani ili tuwe salama?

Swali hilo limekaa upande. Linachukulia kwamba kila haki anayonyimwa mtu mmoja inageuka kuwa usalama wa mwenzake, kama maji yanayomiminwa kutoka ndoo moja kwenda nyingine. Kesi za mlipuko huohuo wa 1998 zinaonyesha kwamba mara nyingi maji humwagika chini, na ndoo zote mbili zikabaki tupu.

Watanzania wawili walihukumiwa New York kwa mashambulio yale. Khalfan Khamis Mohamed alikamatwa Cape Town Oktoba 1999, akakabidhiwa kwa maofisa wa Marekani ndani ya siku chache na kufikishwa mahakamani. Mwaka 2001 alitiwa hatiani akafungwa maisha. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema makabidhiano yale yalivunja Katiba, kwa kuwa nchi iliyofuta adhabu ya kifo ilimtoa mtu bila kupata ahadi kwamba hatanyongwa, ikaagiza nakala ya hukumu yake ipelekwe kwa mahakama ya New York.

Ahmed Khalfan Ghailani alipitia njia nyingine. Alikamatwa Pakistan Julai 2004, akawekwa katika mahabusu za siri za CIA, akahamishiwa Guantanamo, na hakufika New York hadi 2009. Kesi ilipofika hatua ya kusikilizwa mwaka 2010, upande wa mashtaka ulikuwa na shahidi mmoja mzito: mtu aliyedaiwa kumuuzia vilipuzi. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi huyo, kwa sababu wapelelezi walimjua kutokana na maneno ambayo Ghailani alilazimishwa kuyasema mikononi mwa CIA. Mwisho wa kesi, Ghailani aliachiwa kwa mashtaka zaidi ya 280, yakiwemo yote ya mauaji, akatiwa hatiani kwa shtaka 1: kula njama ya kuharibu majengo ya serikali. Shtaka hilo lilimpa kifungo cha maisha, lakini kwa familia za waliokufa hakukuwa na hukumu hata moja ya mauaji dhidi yake. Na hapa nyumbani, mshtakiwa aliyefikishwa Mahakama Kuu kwa shambulio la Dar es Salaam aliachiwa huru mwaka 2004, baada ya miaka mingi mahabusu.

Jambo linaloamua kama hatua ya dola itatulinda au itatuumiza linaonekana kwenye maswali matatu makavu. Mamlaka hayo yanaisha lini? Nani, asiyekuwa polisi mwenyewe, anayakagua? Na kinabaki nini kwenye maandishi ili kesho mtu aweze kuhoji? Mamlaka makubwa yenye majibu ya maswali haya yanaweza kuvumilika. Mamlaka madogo yasiyo na majibu ni hatari zaidi.

Kipimo hiki tunacho tayari. Katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun ya mwaka 1993, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema sheria inayobana haki kwa maslahi ya umma chini ya Ibara ya 30(2) ya Katiba inapona kwa masharti. Isiwe ya kumwachia mtu aamue apendavyo, na iwe na kinga za kuzuia wenye madaraka wasiitumie vibaya. Tena isibane zaidi ya kiasi kinachohitajika kufikia lengo lake halali. Mahakama haikusema usalama wa taifa si sababu. Ilisema sababu peke yake haitoshi.

Saa za kwanza

Saa chache baada ya mlipuko au risasi, hakuna mjadala mkubwa wa haki, na haupaswi kuwepo. Kufunga barabara, kuhamisha watu majengoni, kupekua magari yanayotoka eneo la tukio, kuwazuia waandishi wasikanyage ushahidi: yote hayo ni halali na ya lazima. Agosti 25, 2021, mtu mwenye silaha aliua polisi 3 na mlinzi 1 wa kampuni binafsi karibu na ubalozi wa Ufaransa, Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Hakuna aliyeuliza kwa nini barabara ilifungwa.

Makosa ya saa hizi ni ya aina nyingine, na hujulikana miezi mingi baadaye, kizimbani. Kosa la kwanza ni vielelezo. Kila kipande kinachookotwa kinatakiwa kuandikwa kimeokotwa wapi, saa ngapi na nani, kifungwe, kiwekewe alama, kiingizwe kwenye daftari la vielelezo, na kila mkono kinakopita uwekwe kwenye maandishi, kuanzia mpelelezi, mtunza vielelezo, hadi Mkemia Mkuu wa Serikali na kurudi. Katika kesi ya Paulo Maduka, Mahakama ya Rufani iliuita huo mnyororo wa utunzaji wa kielelezo, na wanasheria wanautaja hadi leo. Pengo moja, kwa mfano siku mbili ambazo hakuna anayeweza kusema simu ya mshtakiwa ilikuwa kabati gani, linampa wakili wa utetezi hoja ambayo Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, haiwezi kuijibu kwa kusema wakati ule hali ilikuwa ngumu.

Ukipekuliwa nyumbani au dukani, hapo ndipo haki yako na kazi ya mpelelezi vinakutana. Lazima iwepo hati ya kukamata mali iliyoorodhesha kila kilichochukuliwa, iliyosainiwa na aliyepekua, mwenye nyumba na shahidi huru, ambaye Dar es Salaam kwa kawaida ni mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nakala au stakabadhi inabaki kwako. Shahidi huru awepo tangu mlango unapofunguliwa. Akiitwa mwishoni kuja kusaini tu, hawezi kueleza mahakamani kitu kilitoka wapi. Simu iandikwe kwa aina yake na namba yake ya utambulisho, maana "simu moja nyeusi" ni maelezo ya simu za nusu ya Kariakoo.

Kosa la pili ni kuonyesha sura. Shinikizo baada ya shambulio ni kubwa, na ni rahisi kumsimamisha mtu mbele ya kamera na kumwita gaidi. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea mtu kama mwenye kosa kabla ya kuthibitika, lakini hata asiyejali Katiba ana sababu ya kusita: gwaride la utambulisho. Shahidi aliyemwona mshambuliaji kwa sekunde chache anatakiwa amchague kati ya watu wanaofanana. Kama picha ya mshukiwa imekwisha kuzunguka kwenye WhatsApp siku tatu, gwaride limekufa. Atakachokitambua shahidi ni picha.

Na kuna mtandao. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa na Dar es Salaam ikawekewa marufuku ya kutoka nje usiku. Halikuwa shambulio la kigaidi, lakini jiji lilijifunza hatua hizo zinavyofanya kazi mwilini mwake. Anayemtafuta ndugu yake hospitalini hawezi kutuma picha. Uvumi haukomi bali unakosa wa kuukanusha. Na polisi, ambao baada ya shambulio wanahitaji video za wapita njia kuliko kitu kingine chochote, wanazikosa saa zile ambazo bado hazijafutwa. Kuzima huduma moja, eneo moja, kwa saa zilizotajwa, kwa amri iliyoandikwa na kutangazwa, kunaweza kujibu yale maswali matatu. Kuzima nchi nzima bila tarehe ya mwisho hakujibu hata moja.

Mahabusu ya polisi, mahali kesi zinapofia

Hapa tutakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo hasara kubwa hutokea kwa pande zote.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ina saa mbili zinazotembea sambamba, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni saa 24. Aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani au apewe dhamana ya polisi ndani ya muda huo. Lakini saa hii ina tundu. Kwa makosa mazito, hasa yenye adhabu ya kifo, lugha ya sheria hulegea na kuwa mapema inavyowezekana, na shambulio lililoua watu huja na shtaka la mauaji. Tundu hilo ndilo linalopitisha wiki nzima, wakati mwingine zaidi. Ibara ya 15 inaulinda uhuru wa mtu, lakini Ibara ya 31 inaruhusu Bunge kutunga sheria inayobana haki ya kuishi na uhuru wa mtu, hata wakati wa kawaida, kwa wanaoaminika kuhatarisha usalama wa taifa. Wachache wanajua ibara hiyo ipo.

Saa ya pili ni ya mahojiano. Polisi wana saa 4 za msingi tangu mtu awekwe chini ya ulinzi kumhoji na kuandika maelezo yake. Mkuu anayehusika anaweza kuongeza saa nyingine zisizozidi 8, na zaidi ya hapo lazima aombe kwa hakimu. Muda wa safari, au wa kumsubiri wakili au ndugu afike, hauhesabiwi. Maelezo yaliyoandikwa nje ya saa hizi bila kuongezwa kisheria yamefutwa na Mahakama ya Rufani katika kesi nyingi, hata pale mshtakiwa alipokuwa amekiri kila kitu. Wananchi hukasirika wakisikia mhalifu ameponyoka kwa sababu ya saa. Hasira hiyo ielekezwe kwa aliyekuwa na saa ukutani asiiangalie.

Kabla ya kuhojiwa mshukiwa lazima aelezwe kosa analoshukiwa nalo, kwamba halazimiki kusema kitu, na kwamba ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Maelezo yakishaandikwa asomewe au asome mwenyewe, arekebishe, ndipo asaini kila ukurasa. Mpelelezi akipata ungamo, njia iliyo salama zaidi ni kumpeleka mshukiwa kwa mlinzi wa amani, ambaye mara nyingi ni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Huyo ana orodha ya kufuata: amuulize alikamatwa lini na wapi, alilala wapi usiku uliopita, kama ametishwa au kuahidiwa chochote, kama anataka kusema kwa hiari yake, amweleze kwamba maneno yake yatatumika kama ushahidi, na amkague mwili kuona kama ana majeraha. Kazi hii huchukua chini ya nusu siku. Ikifanywa sawasawa, ungamo hilo ni gumu kulitikisa. Ikirukwa, kesi itahamia kwenye kile ambacho mawakili wanakiita kesi ndogo ndani ya kesi kubwa: wiki kadhaa za kubishana kama mshtakiwa aliteswa, huku shambulio lenyewe likisubiri.

Ibara ya 13(6)(e) inakataza mateso bila kuweka mwanya wa dharura. Wanaotetea mateso husema bomu la pili likiwa njiani hakuna muda wa upole. Mtu anayeumizwa husema chochote kitakachosimamisha maumivu. Mpelelezi hana njia ya kuchuja kweli na uongo bila kutuma askari Temeke, Mbagala na Kigamboni kufuata kila jina lililotajwa, na usiku wa dharura ndio wakati ambao askari hawatoshi. Kinachofanya kazi ni mpelelezi aliyejiandaa, mwenye rekodi za simu na miamala mkononi, anayemwonyesha mshukiwa kipande kimojakimoja na kumwacha ajikanganye mwenyewe.

Kwa familia, mambo machache yana uzito kuliko kelele zote. Andikeni jina kamili, tarehe, saa na mahali alipochukuliwa, waliomchukua walivaaje, namba ya gari kama ilionekana, na majina ya majirani walioshuhudia. Kanda Maalumu ya Dar es Salaam ina mikoa ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke. Anzeni kituo cha karibu, kisha makao ya mkoa husika, kisha Kituo Kikuu cha Kati, na kila kituo mnachojibiwa "hayupo" kiandikwe pamoja na saa na jina la aliyejibu. Fungueni taarifa ya kupotea mpewe namba ya RB, yaani ya taarifa kwenye daftari la kituo. Karatasi hizo ndizo zitakazobeba hati ya kiapo cha wakili akienda Mahakama Kuu kuomba amri ya kumleta mtu mahakamani au kumwachia. Maombi haya hushindwa mara nyingi kwa sababu moja: familia haina kitu cha kuonyesha kwamba mtu yuko mikononi mwa polisi, na polisi wanakana. Akiachiwa au akifikishwa mahakamani akiwa na majeraha, wakili aombe yaandikwe kwenye mwenendo wa shauri siku hiyohiyo, na ipatikane fomu ya PF3 kwa ajili ya daktari. Kidonda kilichopona hakina ushahidi.

Dhamana na neno "upelelezi haujakamilika"

Ugaidi umo kwenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana chini ya kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, pamoja na mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Hakimu hapimi kama mtu huyu atatoroka au ataharibu ushahidi. Jina la shtaka linamaliza mjadala. Maana yake anayechagua shtaka ndiye anayeamua mtu alale gereza la Keko au nyumbani.

Mahakama zetu zimevutana juu ya jambo hili miaka 30. Mwaka 1991, katika kesi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu kimoja kilichozuia dhamana, kwa jinsi kilivyokuwa kimeandikwa. Mwaka 2018, katika kesi ya Jeremia Mtobesya, iliondoa mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, ya kuzuia dhamana kwa cheti chake tu. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri la Dickson Paulo Sanga, ikasema 148(5) nzima inavunja Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua: kifungu ni halali. Hapo ndipo tulipo. Ukiziweka pamoja utaona mkanganyiko ulio wazi: DPP hawezi kumnyima mtu dhamana kwa cheti, lakini anaweza kwa kuchagua shtaka.

Uzito wa hilo unaonekana kwenye muda. Viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walifikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa mashtaka ya ugaidi mwaka 2014. Waliachiwa Juni 2021, DPP aliposema hana nia ya kuendelea. Mwenyekiti wa Chadema wakati ule, Freeman Mbowe, alikamatwa Mwanza Julai 2021 akashtakiwa kwa makosa yanayohusu ugaidi, akaachiwa Machi 4, 2022 kwa njia hiyohiyo, baada ya miezi 7 na zaidi. Katika mashauri hayo mawili hakuna mahakama iliyosema mtu ana hatia wala hana. Kama kulikuwa na magaidi, umma haukupata hukumu inayothibitisha hilo. Kama hawakuwapo, miaka ile hairudishwi. Na kuondolewa kwa kesi kwa njia hiyo hakumzuii DPP kufungua shtaka upya kwa mambo yaleyale.

Tatizo la kiufundi ni hili: kesi inayosubiri kwenda Mahakama Kuu hukaa kwanza kwenye mahakama ya chini isiyo na uwezo wa kuisikiliza. Kila baada ya wiki mbili mshtakiwa hupandishwa kizimbani, wakili wa serikali husema upelelezi haujakamilika, hakimu hupanga tarehe nyingine. Sheria imeboreshwa miaka ya karibuni ili mashtaka yasifunguliwe kabla ya upelelezi kukamilika, lakini makosa makubwa yameachwa nje ya uboreshaji huo, yaani palepale ambapo subira ni ndefu zaidi. Dawa yake haihitaji kufuta 148(5) yote. Inatosha kuweka ukomo, tuseme miezi 6, ambao ukipita bila shauri kupelekwa Mahakama Kuu, jaji anapata mamlaka ya kupima dhamana kwa sifa za mtu na uzito wa ushahidi uliopo. Mpelelezi mwenye tarehe hufanya kazi tofauti na asiye nayo.

Simu zetu

Tangu Januari 2020 laini ya simu isiyosajiliwa kwa alama za vidole hufungwa. Kwa upelelezi wa ugaidi hii ni hazina: namba moja kwenye eneo la tukio inamwongoza mpelelezi kwa mtu mwenye jina na namba ya NIDA. Swali ni nani anafungua hazina hiyo na kwa ufunguo gani.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 iliweka ufunguo unaoridhisha kwa kusikiliza mawasiliano: polisi apate kwanza ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha aombe amri mahakamani. Watu wawili wa nje. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ni legevu zaidi, kwani mkuu wa kituo cha polisi akiridhika mwenyewe anaweza kuruhusu upekuzi na uchukuaji wa kifaa. Kwa hiyo shauri lileile likiitwa la mtandao badala ya la ugaidi, ukaguzi wa nje unapungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inasaidia dhidi ya kampuni na ofisi za kawaida, lakini usalama wa taifa ni mojawapo ya misamaha yake.

Idara ya Usalama wa Taifa nayo, ilipoundwa kisheria mwaka 1996, iliwekewa mpaka mzuri: haikuwa kazi yake kumfuatilia mtu kwa sababu tu anaandamana kihalali au anapinga Serikali. Sheria ya 2002 ina mpaka unaofanana na huo, kwani usumbufu wa huduma unaotokana na maandamano au mgomo hauhesabiwi ugaidi ikiwa haukukusudiwa kudhuru watu. Wakili anayemtetea mwanaharakati au kiongozi wa chama cha wafanyakazi aanzie hapo.

Mtaa unaponyamaza

Mashambulio mengi huzuiwa na mtu wa kawaida aliyeona kitu: chumba kilichopangishwa kwa fedha taslimu ya mwaka mzima, kijana aliyebadilika ghafla, mifuko ya mbolea kwenye nyumba isiyo na shamba. Mtu huyo mara nyingi ni jirani, mama wa kijana, au imamu wa msikiti anaposali. Akiamini kwamba akitoa taarifa mwanae atapotea, hataitoa.

Kenya ilijifunza kwa gharama. Baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, walipouawa watu 67, Serikali ilianzisha operesheni ya Usalama Watch Aprili 2014. Maelfu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walikusanywa na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Operesheni ile iligusa maelfu wasiohusika, na kila mmoja wao alirudi nyumbani kwa watu ambao polisi wangewahitaji kesho yake.

Kwetu, mauaji ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga yalifika kilele Aprili 13, 2017, walipouawa polisi 8 kwa siku moja. Wilaya hizo ziliwekewa marufuku ya pikipiki usiku, doria zikaongezwa, na mauaji yakapungua. Lakini mwandishi aliyekuwa akiyaripoti, Azory Gwanda, alichukuliwa Kibiti Novemba 21, 2017, na hajaonekana hadi leo. Eneo lisilo na mwandishi lina uvumi tu, na uvumi hauwezi kumwambia mpelelezi wala raia nini kilitokea.

Kumpekua mtu kwa kanzu yake au ndevu zake ni upelelezi mbovu pia. Watu wanaovaa hivyo Dar es Salaam ni mamia ya maelfu, na anayepanga shambulio anaweza kuvaa suti. Upekuzi wenye tija unaangalia mwenendo: begi lililoachwa, gari lililozunguka jengo mara tatu, mtu anayepiga picha za zamu za walinzi. Kwenye geti la mwendokasi au mlango wa duka kubwa, kanuni iwe moja kwa wote, au kwa kila mtu wa kumi.

Sheria inayotungwa kwa haraka

Katiba ina njia ya dharura yenye saa kali kuliko wengi wanavyodhani. Rais akitangaza hali ya hatari chini ya Ibara ya 32, Bunge linatakiwa likutane ndani ya siku 14, na tangazo haliendelei bila kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Hata likiungwa mkono hufa baada ya miezi 6 lisipoongezwa kwa kura hiyohiyo. Serikali nyingi duniani hukwepa njia kama hii. Ni rahisi zaidi kurekebisha sheria za kawaida, ambazo hazina tarehe ya kufa. Sheria ya Kizuizini ya 1962 ilikuwa ya taifa changa lenye hofu. Tume ya Jaji Nyalali, iliyochunguza mfumo wa vyama vya siasa, iliiweka kwenye orodha yake ya sheria kandamizi 40 mwaka 1991, takriban miaka 30 baadaye.

Desemba 2014 Bunge la Kenya lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama katikati ya vurugu ukumbini, na Rais akatia saini siku iliyofuata. Februari 2015 majaji 5 wa Mahakama Kuu walifuta vifungu 8, kikiwemo kilichoweka ukomo wa wakimbizi 150,000 na vilivyobana vyombo vya habari. Vilivyobaki vilisimama. Hapa kwetu njia hiyo ilifanywa nyembamba zaidi: marekebisho ya 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu yalimtaka anayepinga sheria aape kwamba imemgusa yeye binafsi. Kwa sharti hilo, kifungu kinachoruhusu kusikilizwa simu kwa siri kingepingwa na nani, ikiwa aliyesikilizwa hajui?

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla muswada haujawa sheria. Ukiletwa kwa hati ya dharura, muda wa umma kuusoma unafupishwa, na nafasi inayobaki ni kamati ya Bunge inapopokea maoni ya wadau Dodoma, wakati mwingine kwa notisi ya siku chache. Maoni yanayosikilizwa ni yale yaliyoandikwa kama kifungu mbadala, kwenye ukurasa mmoja. Yapo matatu ya kuwa nayo tayari kwenye droo: sehemu hii itakoma kutumika baada ya miezi 12 isipokuwa Bunge liiongeze kwa azimio, kila mamlaka ya upekuzi, kizuizi au usikilizaji yaliyotumika bila amri ya mahakama yapelekwe kwa hakimu ndani ya saa 48, na Waziri awasilishe Bungeni kila miezi 6 idadi ya waliokamatwa, walioshtakiwa, walioachiwa, na walio mahabusu zaidi ya miezi 6. Hakuna siri ya taifa katika idadi hizo.